Kielezi Hukaa Wapi? Kiingereza na Kiswahili Katika Pwani ya Tanga

Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi si neno moja. Ni kundi la maneno mawili, matatu, hata manne yanayofuatana, vitenzi visaidizi vikitangulia na kitenzi kikuu kikishika mkia. Anayetaka kusema kwa Kiingereza kwamba mashua ingekuwa imetengenezwa anahitaji maneno manne: "would have been repaired". Kati ya neno na neno pana mwanya, na mianya hiyo ndiyo makao ya vielezi vingi vya lugha hiyo. Katika sentensi "The boat has already been repaired", neno "already" halikukaa mwanzo wala mwisho. Limepenya katikati ya kitenzi chenyewe.

Kiswahili mara nyingi hakina mwanya huo. "Imetengenezwa" ni neno moja, na ndani yake mmeshonwa upatanisho wa mashua, hali ya kukamilika, mzizi wa tendo na kauli ya kutendwa. Hakuna awezaye kuchomeka kielezi kati ya "i" na "me", wala kati ya "me" na "tengenezwa". Kwa hiyo kijana wa Mkinga, Muheza au Pangani anapoingia kidato cha kwanza, baada ya kusoma masomo ya shule ya msingi kwa Kiswahili, hukuta Kiingereza kinamtaka apange maneno mahali ambapo lugha yake ni nadra kumwonyesha kwamba pana nafasi. Makosa yanayomtoka hayatokani na uvivu. Yana mantiki, na mantiki yake ni ya Kiswahili.

Pwani ya Tanga ina historia ndefu ya kukutanisha lugha hizi. Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la UMCA walikuwa na kituo Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19. Edward Steere, aliyekuwa askofu wao kuanzia mwaka 1874, ndiye aliyetoa mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha Waingereza sarufi ya Kiswahili cha Unguja. Wajerumani nao walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, na hapo hapo Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, likawa linapigwa chapa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Chini ya Waingereza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kiingereza kikashika ofisi na shule za juu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, kijiji kilicho karibu na mji wa Tanga, alifanya kazi ya ukarani serikalini miaka mingi, mchana akiishi katika lugha moja na jioni akiandika katika nyingine. Yeye ndiye aliyezitia katika Kiswahili beti za Omar Khayyam kutoka katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald. Kazi kama hiyo haifanyiki kwa kufuata neno baada ya neno. Anayeifanya hulazimika kuuliza, kila mstari, kile ambacho Kiingereza kimekisema kwa kielezi, Kiswahili hukisema kwa kitu gani.

Jibu, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, ni kwamba Kiswahili hukisema kwa kitenzi.

"Already" ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kiswahili kilichukua kitenzi "kwisha", kikakitanguliza mbele ya kitenzi kingine: "jahazi limekwisha kutia nanga". Matumizi ya kila siku yakayabana maneno hayo yakawa moja: "limeshatia nanga". Katika mazungumzo ya pwani ya Mrima yamebanwa zaidi, mpaka "me" yenyewe ikaanguka: nishafika, ushafika, keshafika, tushafika, mshafika, washafika. Mtu wa Ngamiani, mjini Tanga, akisema "keshaondoka", silabi ile ya "sha" inafanya kazi yote ambayo Mwingereza huifanya kwa neno kamili lililowekwa katikati ya kikundi chake cha kitenzi. Kielezi kimegeuka kuwa kiungo cha kitenzi.

Kinyume chake kina kiungo chake pia. "Jahazi halijafika" lina maana kwamba halikufika na bado linatazamiwa, na maana hiyo ya kutazamia imo ndani ya "ja". Mwingereza hawezi kuitoa bila kuongeza "yet": "The dhow has not yet arrived", au "has not arrived yet". Mwanafunzi anayeandika "The dhow has not arrived" na kukomea hapo ameacha nusu ya maana njiani, kwa sababu kwake nusu hiyo haikuwa neno la kutafsiriwa.

Tabia nayo ina kiambishi chake. "Ngalawa hurudi alfajiri" haihitaji neno la kusema "kwa kawaida", kwa kuwa "hu" imekwisha kusema hivyo. Kiingereza husema "The canoes usually come back at dawn", au huacha kitenzi kitupu katika wakati uliopo. Ndipo panapotokea swali gumu kwa mtafsiri: kila "usually" ipewe "kwa kawaida"? "Ngalawa kwa kawaida hurudi alfajiri" si kosa, lakini ni kusema jambo lile lile mara mbili. Anayesikiliza vizuri lugha ya pwani ataridhika na "hurudi" peke yake, isipokuwa pale anapotaka kulinganisha kawaida na siku moja iliyotoka nje ya kawaida.

Halafu kuna vitenzi vinavyosimama mbele ya vitenzi vingine na kubeba mzigo wa kielezi. "Bahari ilizidi kuchafuka": hapo "zidi" ndiyo "more and more" ya Kiingereza. "Walikesha wakivua": usiku kucha umo ndani ya "kesha". "Alishinda akifua" ina mchana mzima ndani yake, na "alidamka" ina mapema ya alfajiri. Abiria "wangali wakingoja" kivuko, na "ngali" hiyo ndiyo "still". Lugha inayoweza kuuweka usiku mzima ndani ya kitenzi cha silabi chache haina sababu ya kuhangaikia mahali pa kielezi. Jambo hili linastahili kufundishwa kwa fahari katika darasa la Kiswahili kabla ya kuhamia darasa la Kiingereza, maana mwanafunzi asiyejua utajiri alionao huuona upungufu mahali pasipo na upungufu.

Kitenzi "wahi" kina mambo zaidi. "Aliwahi kufika Pemba" inaweza kuwa na maana kwamba siku moja maishani alifika huko, au kwamba alifika mapema, kabla ya kuchelewa. Mazungumzo yenyewe ndiyo huamua. Kwa maana ya kwanza, walimu wa Kiingereza huifasiri kwa "ever", na hapo ndipo lilipozaliwa kosa linalosikika Afrika Mashariki nzima: "I have ever been to Pemba". Neno limewekwa mahali pake kabisa, baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi kikuu. Ubaya uko kwingine. "Ever" ya maana hiyo huishi katika maswali, katika ukanushi na katika masharti, na sentensi ya kawaida ya kukubali haiitaki. Mwingereza husema "I have been to Pemba", basi, au huongeza "before" mwishoni. "Nimewahi" haina kizuizi kama hicho, ndiyo maana mwanafunzi hakioni.

Ukanushi ni mtego wa pili wa eneo hilo hilo. Wavuvi wa Tanga, tangu miaka ya 2000, wamekuwa wakimpata katika nyavu zao silikanti, samaki wa kale wa kilindini ambaye mwaka 2009 alitengewa hifadhi yake ya bahari katika pwani hiyo. Mtu ambaye hajamwona atasema "sijapata kumwona silikanti", au "sijawahi kamwe kumwona". Ukanushi umo katika kitenzi, na "kamwe" inautia nguvu tu. Kiingereza kinageuza mpango huo: ukanushi wote unabebwa na kielezi, na kitenzi kinabaki katika hali ya kukubali. "I have never seen a coelacanth." Anayeleta ukanushi wa kitenzi na wa kielezi pamoja, akaandika "I haven't never seen", amefuata sarufi ya nyumbani kwao kwa uaminifu, lakini Kiingereza sanifu hakikubali.

Kanuni zenyewe za Kiingereza si nyingi. Pasipo na kitenzi kisaidizi, vielezi vya kadiri ya kujirudia, kama "always", "often" na "never", hutangulia kitenzi kikuu: mama mwenye meza yake katika soko la samaki la Deep Sea "always sells kingfish". Kitenzi kikiwa "be" peke yake, kielezi hukifuata: "The ferry is always full". Vikiwapo visaidizi, kielezi huingia baada ya kile cha kwanza: "She has always sold kingfish". Mambo matatu hayo yanatosha kwa sehemu kubwa ya maandishi ya shule, na mwalimu anayeyaeleza kwa mifano ya sokoni atafika mbali kuliko anayekaririsha orodha ya majina ya vielezi.

Mambo huwa matamu zaidi vielezi vinapokuwa viwili. Tuseme inazungumzwa habari ya mkonge katika mashamba ya mkoa huo: "The sisal would usually have been carefully dried". "Usually" imekaa jirani na "would", mwanzoni mwa kikundi. "Carefully" imesogea mpaka ubavuni mwa "dried". Kuvibadilishia nafasi hakuwezekani. Kielezi kinachohusu wakati, kujirudia au ukweli wa jambo hujishikiza kwa kitenzi kisaidizi, ambacho ndicho chenye kubeba wakati na hali. Kielezi cha namna hujishikiza kwa kitenzi kikuu, chenye kubeba tendo. Mwanaisimu wa Kiitalia, Guglielmo Cinque, katika kitabu cha mwaka 1999, alikusanya ushahidi kutoka lugha nyingi akitetea kwamba vielezi vina mpangilio mmoja wa ngazi unaofanana duniani kote. Si wote waliokubaliana naye. Hata hivyo, mtu akilitazama umbo la kitenzi cha Kiswahili ataona kitu kinachoelekea huko: viambishi vya wakati na hali, "me", "sha", "hu", vyote viko mbele ya mzizi, mbali na tendo, na mambo yanayohusu jinsi tendo lilivyotendwa huja nyuma ya mzizi au nyuma ya kitenzi kizima.

Nyuma ya kitenzi, ndiyo. Huko ndiko kwenye baraza la vielezi vya namna vya Kiswahili, na hapana mahali penye uhai kuliko hapo. Mtoto amelala fofofo. Mashua imejaa pomoni. Jiwe lilitumbukia majini chubwi. Vielezi hivi vya tanakali havihami: hakuna asemaye "mtoto fofofo amelala" isipokuwa mshairi anayetafuta vina. Kila kimoja kina kitenzi chake au viwili vitatu kinavyovijua, na kikitengwa navyo hakieleweki. Kiingereza hakina jamii ya maneno yenye nguvu kama hii, na hapo mtafsiri hulazimika kutafuta kitenzi cha Kiingereza ambacho tayari kina mlio au ukamilifu ndani yake.

Kitenzi kinapokuwa na yambwa, lugha hizi mbili huachana tena. Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. Fundi wa mashua "caulked the boat carefully", au "carefully caulked the boat". Lakini "caulked carefully the boat" humkwaruza Mwingereza masikioni. Kiswahili hakina ukali huo. "Fundi alikalafati mashua vizuri" ni sawa, na "fundi alikalafati vizuri mashua zote mbili zilizoletwa kutoka Kigombe" ni bora kuliko kusubiri mpaka mwisho wa maneno hayo yote ndipo "vizuri" itokee. Yambwa ndefu hukisogeza kielezi karibu na kitenzi. Kiingereza nacho hulegea kidogo yambwa ikiwa ndefu sana, ila kwa shingo upande. Kifaransa, kwa upande huu, kiko pamoja na Kiswahili: hutanguliza kitenzi, kikaweka kielezi, ndipo yambwa. Mwaka 1989 Jean-Yves Pollock aliandika makala yaliyosomwa sana kuhusu tofauti hiyo ya Kifaransa na Kiingereza, akaeleza kwamba kitenzi cha Kifaransa hupanda juu na kukiruka kielezi, ilhali kile cha Kiingereza hubaki chini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga anayeandika "She sells always kingfish" anafanya kosa lile lile alifanyalo mwanafunzi wa Paris.

Mahali pa kielezi hubadilisha maana pia, na ukanushi ndio huonyesha hilo vizuri. "He really doesn't know" ni mtu asiyejua kabisa. "He doesn't really know" ni mtu anayejua kidogo, ila si sawasawa. Maneno ni yale yale, kilichohama ni kielezi tu, kutoka kabla ya ukanushi kwenda baada yake. Kiswahili nacho kina njia yake ya kutenganisha: "kila siku haji" humhukumu mtu kwa kutokuja hata siku moja, na "si kila siku huja" humwachia siku kadhaa. Ila "haji kila siku" inabaki katikati, na msikilizaji huamua kwa sauti na kwa mazungumzo yaliyotangulia. Katika maandishi ya mikataba na sheria, sentensi ya namna hiyo ya tatu ingefaa kuepukwa.

"Only" ya Kiingereza ina tabia ya kukaa karibu na kitenzi huku maana yake ikilenga mbali. "I only saw two boats" haisemi kwamba msemaji aliona tu bila kufanya kitu kingine; inasema mashua zilikuwa mbili, basi. Kiswahili huandika "niliona mashua mbili tu". "Tu" husimama mgongoni mwa kile inachokiwekea mpaka, na ikihamishwa mpaka huhama nayo: "niliziona tu mashua mbili" ni habari nyingine, ya mtu aliyetazama bila kuzigusa. Katika jambo hili Kiswahili ni makini kuliko Kiingereza cha mazungumzo.

Kuna ubishi mmoja wa Kiingereza ambao walimu wa zamani waliufikisha mpaka katika shule za Afrika Mashariki: je, kielezi kinaweza kuingia kati ya "to" na kitenzi? Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, aliyapinga matumizi hayo mwaka 1864, na vizazi vya wanafunzi wakaadhibiwa kwa kalamu nyekundu. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliona kwamba kuyapasua maneno hayo ni afadhali kuliko kuandika sentensi iliyopinda au yenye utata. Vitabu vingi vya leo viko upande wake. Kwa msemaji wa Kiswahili ubishi huo unapaswa kuwa mwepesi, kwa sababu lugha yake inapasua "ku" na mzizi kila siku bila kumwudhi mtu: "kutofika" ina "to" ya ukanushi katikati, iliyotokana na kitenzi "toa".

Upo upande wa pili wa makutano haya, nao ni jinsi Kiingereza kinavyoanza kupanga vielezi vya Kiswahili. Katika habari za magazeti na redio husikika: "Serikali imekuwa mara kwa mara ikiwakumbusha wavuvi." Nyuma yake inaonekana sentensi ya Kiingereza yenye kisaidizi, kielezi, kisha kitenzi kikuu. "Serikali imewakumbusha wavuvi mara kwa mara" ni fupi, inasikika vizuri, na haikupoteza kitu. Vivyo hivyo "ameweza kwa mafanikio kumaliza ujenzi", ambapo "amefanikiwa kumaliza ujenzi" inakirudisha kielezi ndani ya kitenzi, kama lugha ilivyozoea. Wingi wa "kwa" unaoziba sentensi za ripoti nyingi, kwa kiasi kikubwa, kwa namna ya pekee, kwa ukamilifu, umetokana na kutafuta mwenzi wa kila neno la Kiingereza linaloishia na "ly". Mhariri anayezifuta nusu ya hizo "kwa" anaitendea lugha haki.

Hata hivyo si kila kielezi kilichokaa katikati ni mgeni. Kiswahili nacho kina vitenzi vya maneno mawili, pale "kuwa" inapotangulia kitenzi kingine: "alikuwa anavua", "watakuwa wameondoka". Hapo mwanya hupatikana, na lugha huutumia. "Walikuwa bado wanashusha mizigo." "Meli ilikuwa tayari imeng'oa nanga." "Alikuwa kila siku akienda Tongoni." Sentensi hizi ni za Kiswahili safi, na wazee wasiojua neno la Kiingereza huzisema. Lakini si kila kielezi kinaruhusiwa kuingia humo. "Bado", "tayari", "daima" na "kila siku" huingia, navyo vyote vinahusu wakati na kujirudia. "Vizuri", "polepole" na "fofofo" hukataliwa: mtu husema "alikuwa anaimba vizuri", wala si "alikuwa vizuri anaimba". Vya wakati hubaki na kisaidizi, vya namna humfuata mtenda kazi mwenyewe, kitenzi kikuu, kama ilivyo kwa "usually" na "carefully" katika sentensi ya mkonge.